Waya iliyoungua chini ya zulia

Maneno ya kundi la garaji mbele ya mkutano mkuu wa Chama, Baraka. Tumeyaandika hapa sawa vile yalivyosemwa, juu ya wanachama wa Mboko na wa Kalemie ambao hawakuweza kufika, na juu ya wafadhili wetu walio mbali.

Tunajua kama wengine wenu walikuja leo na swali moja tu mdomoni, na swali lenyewe ni juu yetu. Basi tuanze nalo, tusizunguke.

Muliuliza: ni nani aliyefunga ile muziki ndani ya gari ya Chama? Ni sisi. Si fundi wa nje, si dereva. Ni sisi kundi la garaji, watu watano, kwa mikono yetu. Na gari ilipoanza kutoa moshi usiku ule kwenye barabara ya Mboko, ilikuwa ni kazi yetu ndiyo inaungua.

Wenye hawajapata habari yote, tunaisema kwa ufupi. Ilikuwa mwezi wa 11, mvua nyingi. Dereva wetu na kijana mmoja wa kundi letu walikuwa wanaleta mama mjamzito hospitalini. Uchungu ulikuwa umeshaanza. Muziki haikuwa inapiga, redio ilikuwa imezimwa. Kwenye fasi moja yenye mashimo, harufu ya mpira unaoungua ikapanda ndani ya gari, kisha moshi, kisha moto mdogo chini ya zulia, karibu na miguu ya yule mama. Dereva akasimama, akazima kontakti. Moto haukuzima. Akafungua kapo, akatafuta ufunguo wa 10 wa kulegeza kichwa cha betri, ufunguo ulikuwa chini ya kiti. Kijana wetu hakungoja. Alikamata ile waya kwa mkono akaivuta mpaka ikakatika. Kiganja chake kina alama mpaka leo, mumekiona.

Mama yule alimaliza safari juu ya pikipiki, kwenye mvua. Alijifungua salama usiku ule ule, tunamshukuru Mungu. Yuko hapa kati yetu na mtoto mgongoni. Na ni yeye aliyetuuliza swali gumu kupita yote, siku tulipoenda kumwomba msamaha: "Gari ya kubeba wagonjwa inatafuta muziki ya nini?"

Tutajibu swali hilo. Lakini kwanza acheni tuwaeleze kitu gani kiliungua, na kwa sababu gani, kwa maana tulipoanza kuchunguza tuliona kama shida haiko kwa gari ya Chama peke yake. Kuko gari nyingi za hapa Baraka zinatembea na shida ile ile chini ya zulia.

Muziki ya gari ni vitu vinne

Ndugu zetu, muziki kubwa ya gari si jambo la uchawi. Ni vitu vinne. Kuko redio ya mbele, ile ya kuchezesha wimbo. Kuko ampli, lile sanduku la chuma la kuongeza nguvu. Kuko sabufa, spika kubwa ya sauti nzito, iliyofungwa ndani ya boksi la mbao. Na kuko betri ya gari, ambayo inalisha vyote.

Redio ya mbele inakula umeme kidogo tu, waya zake nyembamba zinatosha. Lakini ampli inakula mingi. Haiwezi kulishwa na waya za redio. Inaomba waya yake yenyewe, kubwa, inayotoka moja kwa moja kwenye kichwa chanya cha betri mbele, inapita ndani ya ukuta wa chuma ulio kati ya moteri na abiria, inapita chini ya zulia, mpaka nyuma pale ampli ilipo. Ndani ya gari yetu ile ni mita tano.

Waya hiyo ndiyo iliyoungua, si ampli wala sabufa. Ampli tuliitoa nzima kabisa, hata leo inapiga.

Kosa la kwanza: waya ya nyumba

Tunapaswa kusema ukweli hapa. Tulipopewa pesa za kufunga muziki, tulitafuta boksi kubwa la kupiga kifua. Tulilipa sabufa, tulilipa ampli, na pesa zikabaki kidogo. Waya tukatafuta ya bure. Tulikuwa na mabaki ya waya ya kufungia nyumba, ile ya milimita mbili na nusu za mraba. Tukasema, shaba ni shaba.

Na tulisema vile juu ya mazoea. Wengi kati yetu tulijifunza kazi hii kambini, Nyarugusu na Lugufu. Kule tulikuwa tunachaji simu kwa betri ya gari, tunafunga balbu ndogo na redio za betri. Kwa kazi ile, waya yoyote inakubali, hata ile iliyokatwa kutoka redio mbovu. Miaka mingi tulifanya hivyo, hakuna kitu kilichoungua. Tukarudi na ujuzi wetu, na tukarudi na mazoea yetu pia. Simu moja inakula ampea moja, ao hata nusu. Ampli yetu inaweza kula 40. Hatukukaa chini kufanya hesabu ile.

Sasa tuifanye pamoja, wazee wetu mutuvumilie. Boksi la ampli liliandikwa wati 3000. Musiamini maandishi ya boksi. Angalieni fizible za ampli yenyewe, sisi wa kutoka Tanzania tunaziita fyuzi, ni kitu kimoja. Ampli yetu iko na fyuzi mbili za ampea 20, jumla 40. Moteri ikiwaka, umeme wa gari unakuwa karibu volti 13.8. Zidisha 40 kwa 13.8, unapata wati 552. Huo ndio umeme wote inaoweza kuingiza kwa muda mrefu bila kukata fyuzi zake. Na sehemu moja inageuka kuwa joto ndani ya ampli. Kwa ile aina nzuri, yenye kupoteza kidogo, kinachotoka kwa spika ni kama wati 440. Wati 3000 ziko kwenye karatasi tu. Basi ukienda sokoni, geuza ampli, soma fyuzi, zidisha. Muuzaji hawezi kukudanganya tena.

Ampea hizo 40 zikipita kwenye waya ya milimita mbili na nusu, mita tano, waya inazuia sana. Volti 1.4 zinapotea njiani kabla hazijafika nyuma, na wati 56 zinageuka kuwa joto ndani ya waya yenyewe. Wenye kutengeneza redio wanajua kile chuma cha kuyeyushia risasi, kingi ni cha wati 40 ao 60. Basi ni sawa mumelaza chuma kile, kimewashwa, chini ya zulia, mulipoweka miguu. Ni kweli kama muziki haiko juu kila dakika, inapanda na kushuka. Lakini kwenye harusi, saa tatu mfululizo, ganda la waya linalainika kidogo kidogo. Hakuna mtu anayeona, zulia limefunika.

Waya ya milimita 16, shaba kamili, kwa safari ile ile na ampea zile zile, inapoteza volti 0.2 tu na inageuza joto kama wati 9, zimetawanyika mita tano. Ukiikamata kwa mkono ni ya kawaida.

Tuongeze na jambo la shaba ya uongo. Siku hizi kuko waya nene inauzwa bei nzuri, nje inaonekana shaba, lakini ndani ni aluminyo iliyopakwa shaba. Unene ule ule, lakini inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba kamili. Kuijua ni rahisi: chukua kisu, kwangua uzi mmoja. Ukiona weupe ndani, si shaba. Pia iko nyepesi mkononi. Si kwamba haitumiki kabisa, lakini sherti uchukue iliyo nene zaidi, na usilipe bei ya shaba.

Kosa la pili: tundu bila mpira

Pale waya inapopita kwenye ukuta wa chuma, tulitoboa tundu, tukapitisha waya, tukaenda zetu. Tundu la chuma liko na makali sawa kisu. Barabara yetu munaijua. Kila shimo, waya inasugua makali yale. Kwa ganda lililokwisha kulainika na joto, haikuchukua mwaka.

Usiku ule ganda liliisha. Shaba ikagusa chuma cha gari. Na chuma chote cha gari kimeungwa na kichwa hasi cha betri, ndiyo tunaita masi. Maana yake chanya na hasi zilikutana, uso kwa uso, hakuna kitu katikati. Betri ya gari ina nguvu ya kuzungusha demareri, inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Waya ya milimita mbili na nusu haiwezi kubeba hayo, inageuka nyekundu kwa sekunde chache.

Ndiyo sababu muziki ilikuwa imezimwa na bado waya ikaungua. Ndiyo sababu dereva alizima kontakti na moto ukaendelea. Waya hiyo haipiti kwenye kontakti. Inatoka betri moja kwa moja, ina umeme usiku na mchana, hata gari ikilala.

Kosa la tatu, ndilo kubwa: fyuzi haikuwa fasi yake

Mutauliza: lakini mumesema ampli ina fyuzi mbili, mbona hazikukata? Hata sisi tulijiuliza vile. Tulitegemea fyuzi zile. Tulizikuta nzima, hazijaguswa.

Fikirini bomba la maji. Tanki liko juu kilimani, robineti iko chini kwenye uwanja wako. Bomba likipasuka karibu na tanki, unaweza kufunga robineti yako mpaka mkono uchoke, maji yataendelea kumwagika kule juu. Fyuzi ya ampli ni ile robineti ya chini. Waya yetu ilipasuka mbele, karibu na moteri, kabla umeme haujafika kwenye fyuzi. Fyuzi ya nyuma haikujua hata kama kuko shida.

Ile ya kulinda waya inakaa mwanzo wa waya, karibu na betri, isizidi urefu wa sentimita 30 mpaka 45 kutoka kichwa chanya. Kazi yake si kulinda ampli. Kazi yake ni kukata kabla waya haijaungua. Kwa hiyo nambari yake inafuata waya, isizidi kile ambacho waya inaweza kubeba. Kwa waya yetu mpya ya milimita 16 tumeweka fyuzi ya ampea 50. Kama ingekuwepo usiku ule, sauti moja ndogo, "tak", uzi wa fyuzi umekatika, na mama anafika hospitali ndani ya gari bila kujua kama kuko kitu kilitokea.

Fyuzi ile na nyumba yake ya plastiki tumeinunua dola 6. Hesabu ya kutengeneza gari iko mikononi mwa Mama Mweka hazina, kila mwanachama anaweza kuiona. Na gari ilikaa wiki tano bila kutembea. Wiki hizo tano wagonjwa wetu walibebwa kwa pikipiki na kwa tipoyi. Hasara hiyo hatuwezi kuiandika kwa dola.

Namna tunavyofunga sasa

Baada ya hapo tuliandika utaratibu, tukaubandika ukutani pa garaji. Mtu akituletea gari, tunafuata mstari kwa mstari. Tunausoma hapa ili muukague, na ili mwenye kufungiwa gari fasi ingine ajue cha kuuliza.

Kwanza, kabla ya kugusa kitu, tunatoa kichwa hasi cha betri. Hasi kwanza, na kinarudi cha mwisho. Ukianza na chanya, ufunguo wako ukigusa chuma cha gari unawasha moto wewe mwenyewe.

Pili, tunapima njia ya waya kwa kamba, tunasoma fyuzi za ampli, tunachagua unene. Kwa ampea 40 na mita tano, milimita 16 ya shaba. Hatupunguzi juu ya pesa. Kama pesa hazitoshi, tunapunguza ampli.

Tatu, nyumba ya fyuzi inafungwa karibu na betri, lakini fyuzi yenyewe tunaiweka mwisho kabisa, kazi yote ikiisha.

Ine, kila tundu la chuma linapata kauchu, na waya inavaa bomba laini la plastiki mpaka nyuma. Haipiti karibu na bomba la moshi, wala chini ya reli ya kiti.

Tano, masi. Wengi wanaidharau. Umeme wote unaoenda kwa chanya sherti urudi kwa hasi, kwa hiyo waya ya masi iwe nene sawa ile ya chanya, na iwe fupi, chini ya nusu mita. Inafungwa kwenye chuma kizito cha gari, rangi imekwanguliwa mpaka chuma king'ae, kwa bulong yenye kubana vizuri. Si kwenye bulong ya mkanda wa usalama. Ukikwangua vibaya, fasi ile inachemka na muziki inakatakata.

Sita, ile waya ndogo ya kuamsha ampli. Kwa redio nyingi ni ya bluu yenye mstari mweupe. Redio ikiwaka, inaambia ampli "amka". Redio ikizima, ampli inalala. Mafundi wengine wanaivuka, wanaiunga moja kwa moja kwenye chanya. Hapo ampli hailali usiku wote, na asubuhi betri imekufa.

Saba, waya za kupeleka sauti kutoka redio mpaka ampli zinapita upande wa pili wa gari, mbali na waya ya umeme. Zikilala pamoja zinaweza kuleta mluzi wenye kupanda kila ukikanyaga mafuta. Mluzi ule ukibaki hata baada ya kuzitenganisha, mara nyingi shida iko kwa masi: rudi mstari wa tano.

Nane, sabufa. Tunaipima kwa multimeta kabla ya kuiunga. Sabufa ya omu 4 inasoma pungufu kidogo, kama 3.5. Ukiunga mbili za omu 4 sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, zinakuwa omu 2. Ukiziunga kwa kufuatana, zinakuwa 8. Kama ampli imeandikwa isishuke chini ya omu 4, na wewe ukaipa 2, itachemka mpaka ijizime ao iungue. Na kama sabufa moja imegeuzwa, chanya kwa hasi, zinapigana: moja inasukuma nje, ingine inavuta ndani, na mlio mzito unapotea. Watu wengi wanaongeza sauti wakidhani nguvu ni ndogo, kumbe waya zimepishana.

Tisa, kile kifungo cha ampli kilichoandikwa "gain". Si kifungo cha kuongeza sauti. Ni cha kulinganisha ampli na redio. Ukikizungusha mpaka mwisho hupati nguvu zaidi, unapata mlio uliochanika, na mlio uliochanika ndio unaochoma sabufa. Tunaweka redio robo tatu ya sauti yake, tunapanda pole pole, tukisikia mchaniko tunarudi nyuma kidogo. Chujio la sauti nzito tunaliweka karibu hezi 80, ili sabufa isijaribu kuimba sauti za watu.

Kumi, tunawasha muziki nusu saa, kisha tunatembeza mkono juu ya waya yote, kutoka betri mpaka nyuma, na juu ya kila kiungo. Fasi yenye joto ni fasi yenye kosa. Gari haitoki.

Sasa tujibu mama yetu

Gari ya wagonjwa inatafuta muziki ya nini?

Mama, jibu ni mafuta. Michango yetu ya kila mwezi haitoshi kununua mafuta ya kubeba wagonjwa, na msaada wa wafadhili ulilenga gari na vifaa, si mafuta ya kila siku. Siku ya posho gari inakodiwa kwa harusi, kwa matangazo, kwa kumaliza matanga. Pesa zile ndizo zinakuwa mafuta ya katikati ya wiki. Safari yako mwenyewe ya usiku ule, mafuta yake yalitoka kwenye harusi moja ya siku ya posho. Bila muziki gari ingekuwa imelala pale usiku ule. Na pamoja na muziki tuliyoifunga vibaya, ilitaka kukuunguza. Yote mawili ni kweli, na hatutaki kuficha moja nyuma ya lingine.

Kwa hiyo hatukuja kuomba muziki itolewe, wala kuwaomba musahau. Tulikuja na mambo matatu ambayo kamati imeyakubali, na leo tunayaweka mbele yenu.

La kwanza. Ndani ya gari ya Chama tumeweka kifungo kikubwa cha kukata, kwenye waya ya ampli, nyuma tu ya fyuzi ya mbele. Siku za wagonjwa kinafungwa, na boksi la sabufa linatolewa lote ili kitanda kipate nafasi. Waya iliyo chini ya zulia inakuwa haina umeme kabisa. Dereva anaandika ndani ya daftari kama amekikata kabla ya kutoka. Na ufunguo wa 10 umefungwa kwa kamba karibu na betri, hauendi tena chini ya kiti.

La pili ni betri. Betri yetu ni ya saa-ampea 60. Kwenye harusi, moteri ikizimwa na muziki ikila ampea 15, baada ya saa mbili nusu ya betri imekwisha. Mgonjwa akiita usiku ule, gari inaweza kukataa kuwaka. Tangu sasa muziki haipigi bila moteri kuwaka zaidi ya nusu saa, na mwenye kukodi anajua kama mafuta hayo ni yake. Muziki ikiisha, moteri imezimwa na gari imepumzika, dereva anapima betri. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6. Ikifika 12.2 imebaki nusu. Ikisoma chini ya hapo, inachajiwa kabla gari haijapewa kazi ingine.

La tatu ni gari zenu. Tulirudi kwenye daftari la garaji, tukakuta gari tisa za wanachama ambazo tulizifunga kwa namna ile ile, kabla ya moto. Tumekwisha kufungua sita. Nne kati ya hizo hazikuwa na fyuzi mbele. Moja ilikuwa tayari na ganda lililoliwa, shaba inaonekana, bado unene wa karatasi igusane na chuma. Mwenye gari hiyo anabeba watoto wake kila asubuhi. Zote tunazirekebisha bila kulipisha kazi, mwenye gari ananunua vifaa tu, na asiyekuwa na pesa ya vifaa kwa sasa, tunamkatia waya ile tuondoke na hatari, muziki atangoja. Zimebaki tatu. Wenyewe munajijua, na tumewapigia simu. Tunawaomba muje kabla ya siku ya posho. Musiseme "inapiga vizuri". Yetu pia ilikuwa inapiga vizuri.

Kwa wafadhili wetu: mulitununulia vifaa vya garaji, na munayo haki ya kujua kama vifaa hivyo vilitumika kufunga kazi mbovu. Ndiyo, vilitumika. Hatukutaka musikie kwa mtu mwingine. Vifaa havikuwa na kosa. Multimeta muliyotupa ingeweza kutuonyesha volti zinazopotea kwenye waya siku ya kwanza, kama tungeitoa ndani ya mfuko wake. Sasa inafanya kazi kila siku. Hatuombi pesa kwa jambo hili. Kama kuko mtu mwenye koleo kubwa la kubanisha vichwa vya waya nene, jipya ao lililotumika, tutalipokea kwa furaha, maana sasa tunabana kwa nyundo na tunapaswa kurudia mara mbili mbili.

Kwa vijana wenzetu wanaojifunza kazi, tunasema hivi. Kambini tulikuwa tunapima kazi kwa swali moja: inawaka? Ikiwaka, imekwisha. Swali lile halitoshi tena. Muulize pia: siku waya hii itakapogusa chuma, ni kitu gani kitakata? Kama huna jibu, kazi haijaisha, hata kama muziki inatikisa nyumba ya jirani.

Kijana wetu wa kiganja amerudi kazini. Ni yeye sasa anayeshika mstari wa tatu, fyuzi ya mbele. Hakuna gari inayotoka mpaka aiweke yeye mwenyewe. Hatukumchagua, alijichagua.

Wazee wetu wanasema mdharau mwiba mguu huota tende. Sisi tulidharau kitu cha dola 6. Mutusamehe, na mutukague. Garaji iko wazi siku ya ine mchana kutwa, mtu yeyote anaweza kuingia, kufungua kapo na kuuliza.

Kama kuko maswali, tuko hapa.